Krokasi za Kando ya Ukuta

Jumatatu, 27 Agosti
Mvua tangu alfajiri. Kaka yangu Norman amekuja na masanduku mawili na redio. Anasema atakaa hapa mpaka mambo yatengemae. Sikumuuliza mambo gani. Tulimzika mkewe Doreen mwezi Juni, na tangu hapo amekonda hadi shingo inacheza ndani ya kola ya shati. Nimempa chumba cha mbele, nikamwonyesha birika linapokaa.

Jumanne, 28 Agosti
Mvua. Hakula.

Alhamisi, 30 Agosti
Bibi-uchi zimechomoza kando ya ukuta wa mawe. Watu wa bonde hili waliziita hivyo tangu zamani, kwa kuwa huchanua bila jani hata moja la kujistiri. Nikizitazama bado uso unaniwaka. Mwaka jana nilizipanda kwenye chungu, nikaandika kibaoni kwa mwandiko mzuri "krokasi ya vuli", nikazipeleka kwenye maonyesho ya chama cha bustani. Bwana Holroyd, hakimu wa maonyesho, alichomoa kalamu nyekundu akakikata kile kibao mbele ya watu wote. Akasema, "Hii si krokasi, Bi Uttley. Hii inaua." Wanawake wa kanisani wakanitazama kama mtu aliyeingia na nyoka kwenye kikapu. Miaka yote nimepeleka barua nyumba kwa nyumba hapa Slack Royd, mbwa wamening'ata, barafu imeniangusha, lakini hakuna aliyewahi kunivua nguo hadharani namna ile.

Mwaka huu nitapeleka krokasi za kweli, yale maua madogo kama vikombe, aina tatu, kila moja na jina lake sahihi. Nimesoma majira yote ya baridi. Krokasi ina vijiti vitatu vya chavua, bibi-uchi ina sita. Ni jambo la kuhesabu tu, nami sikuhesabu.

Jumapili, 2 Septemba
Farzana, jirani wa nyumba ya pili, ameleta bakuli la dengu. Anatarajia kujifungua kabla ya Krismasi, na mumewe Imtiaz anaendesha basi la kwenda Halifax. Tangu wahamie hapa ananiita Shangazi. Mimi si shangazi yake. Norman ameitwa Mjomba papo hapo mlangoni, akacheka, kisha akalifuta bakuli lote kwa mkate. Mimi nilimpikia nyama ya kondoo na viazi juzi, akaisukuma pembeni kama mtoto.

Jumatano, 5 Septemba
Ukungu. Televisheni imewaka siku nzima. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leo ni ya kumi, na Norman hata hajui jembe liko wapi.

Jumanne, 11 Septemba
Krokasi ya kwanza imefunguka chunguni. Rangi yake ni zambarau iliyofifia, karibu na maziwa, na chini ya kila petali kuna madoa mawili ya manjano, kama mtu amegusa kwa ncha ya kidole chenye poda. Nimepiga magoti na kioo cha kukuzia. Vijiti vitatu, vyeupe. Nimeandika kibao chake kwa Kilatini, kotschyanus, na nimeangalia tahajia mara nyingi kuliko nilivyoangalia barua yoyote maishani mwangu.

Norman alisimama mlangoni na kikombe. Akauliza kama kuna biskuti.

Jumapili, 16 Septemba
Jua limetoka, la kwanza wiki hii. Nilimburuta Norman tukapanda hadi malisho ya juu ya kanisa, mahali krokasi huota zenyewe katikati ya kondoo. Hakuna anayejua nani alizileta. Zipo tu kila mwaka, ndefu, zambarau iliyokolea, zimesimama kwenye majani mafupi pasipo jani lao lenyewe. Hizi zilikuwa kwetu kabla ya viwanda vya sufu na zimebaki baada ya viwanda kufa.

Nilikuwa nimelala kifudifudi nikihesabu vijiti. Norman, amesimama juu yangu, akaniuliza, "Hii ndiyo zafarani?"

"Hapana. Zafarani ni ndugu yake."

"Ukoo mmoja, basi."

"Ukoo mmoja, ndiyo. Sogea, unanikingia jua."

Akaanza kusimulia kwamba kwao Doreen, kule Cornwall, harusi haikamiliki bila skonzi za zafarani, na kwamba alipokuwa bado na duka lake la mikate alimwokea sinia zima siku alipomposa. Nilimwitikia "mm" bila kuinua kichwa. Sidhani kama tulisikilizana. Kila mmoja alichukua nusu ya maneno ya mwenzake akaenda nayo nyumbani.

Alhamisi, 20 Septemba
Upepo wa kung'oa vigae. Nimeingiza vyungu bandani.

Jumanne, 25 Septemba
Krokasi kubwa za buluu zimefunguka kando ya ukuta, jina lake speciosus. Ni nzuri kupita zote. Petali zina mishipa myeusi kama ya mkono wa mzee, na katikati zimesimama nyuzi za rangi ya chungwa zilizochanikachanika kama ufagio mdogo. Nilizipanda makusudi pembeni mwa bibi-uchi, nipate kuzitazama pamoja, mkweli na mwongo, mpaka macho yangu yazoee. Bibi-uchi zinaelekea kwisha sasa, zimelala ubavu baada ya ule upepo, ila bado ziko nyingi.

Krokasi chache za buluu nilizozihamishia chunguni mwaka huu nitazipeleka kwenye maonyesho tarehe sita. Holroyd na atafute kalamu yake.

Ijumaa, 28 Septemba
Nimegombana na Norman. Alikanyaga ukingo wa kitanda cha maua akienda kutupa maganda ya viazi. Nilimfokea kwamba kila nikigeuka namkuta amesimama mahali, jikoni yupo, mlangoni yupo, bustanini yupo.

Akanijibu bila hasira. "Nikae wapi, Brenda?"

Nimekaa na swali hilo jioni yote, nalo limekaa nami.

Jumapili, 30 Septemba
Mvua. Amekula nusu ya yai.

Jumatano, 3 Oktoba
Jana sikuandika. Sasa ni mchana, Norman amelala juu, nami nimefunga mlango wa jikoni ili kishindo cha birika kisimwamshe. Nataka niyaandike yote kwa mpangilio, maana kichwani bado yanakimbizana.

Jana asubuhi nilikwenda ukumbini kusaidia kupanga meza za maonyesho. Mvua ilipozidi, Bwana Holroyd akasema atanirudisha kwa gari lake. Nilitaka kukataa. Nilipanda, nikakaa nimekumbatia mkoba kama abiria asiyemwamini dereva, tukaenda hivyo hadi mlangoni kwangu.

Nilipofungua mlango harufu ikanipokea. Mkate. Mkate wenye sukari na siagi, harufu ya duka la Norman zamani zile tulipokuwa bado vijana. Norman alikuwa amefunga aproni yangu, unga hadi kwenye nyusi, na mezani kuna sinia la skonzi za manjano zinazotoa mvuke. Nilisimama pale na koti lililolowa na machozi yakanilenga, kwa furaha. Nilidhani kaka yangu amerudi.

"Karibu, bwana," akamwambia Holroyd aliyekuwa ananisaidia kubeba sanduku la vibao. "Chukua moja ingali moto."

Holroyd akachukua, akauma. Akasema ni nzuri, na nadhani alisema kweli, maana aliuma tena.

Mimi nilikuwa nimekiona kisahani dirishani. Kilikuwa na nyuzi zilizokaushwa, rangi ya chungwa.

"Kaka, hizi umezitoa wapi?"

"Bustanini kwako. Kule ukutani." Alikuwa anatabasamu, na hajatabasamu tangu Juni. "Si ulisema ni ukoo mmoja na zafarani? Nikasema nikufanyie kitu, niache kukuzibia njia."

Kule ukutani. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka Holroyd aliacha kutafuna. Aliiweka skonzi mezani taratibu, upande ulioumwa ukatazama juu, akaenda kutema kwenye sinki. Kisha akamgeukia Norman akamuuliza, kwa upole ambao sikujua anao, amekula ngapi na saa ngapi.

Norman alikuwa amekula mbili, na chai. Na sahani moja alikuwa ameipeleka kwa Farzana.

Sikungoja aseme zaidi. Nilikimbia na viatu vya ndani. Farzana alifungua mlango ana makombo juu ya tumbo lake, juu kabisa pale tumbo linapoanza kubeba mzigo, na akasema, "Shangazi, mwambie Mjomba hizi ni hatari, nimekula mbili na ya tatu naitazama." Alikuwa anatania. Nikamwambia aache, avae koti, nikamwambia kwa nini. Sijawahi kuona uso ukibadilika hivyo. Hakulia. Alishika tumbo kwa mikono yote miwili na kuuliza, "Na mtoto?" Nikasema sijui.

Kwenye simu ya dharura mtu aliniuliza ni mmea gani hasa. Nikasema huenda ni huu, huenda ni ule. Akasema sumu ya bibi-uchi haina haraka, mtu hujiona mzima saa nyingi kisha inaamka, kwa hiyo tusimngoje mtu aanze kuumwa. Twende hospitali ya mjini mara moja, na kama tunaweza kujua ni ua lipi, tuje na ua lenyewe.

Tukatoka bustanini kwenye mvua, mimi na Holroyd. Kitanda kando ya ukuta kilikuwa kimenyolewa. Hata vyungu vyangu vya maonyesho. Sikuhisi chochote kuhusu vyungu. Norman alisema vichwa vya maua alivitupa kwenye lundo la mboji, baada ya kuvitoa matumbo. Hapo ndipo nilipokata tamaa, kwa sababu vijiti ndivyo vya kuhesabu, naye alikuwa amevitoa vyote. Petali zilizoloa zinafanana zote. Krokasi, bibi-uchi, yote ni zambarau iliyochoka.

Holroyd alipiga magoti. Suruali yake ya ukumbini, ile yenye mkunjo. Alizamisha mikono kwenye maganda ya viazi na majani ya chai, akawa anatoa ua moja moja na kulitandaza juu ya koti lake aliloliweka chini. Mtu mwenyewe alikuwa na kipande cha ile skonzi tumboni. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, lakini sauti yake ilikuwa kama ya mwalimu anayesoma imla. "Mishipa ipo. Mishipa ipo. Hii pia. Tazama wewe, Bi Uttley, una macho mazuri kuliko yangu."

Nikatazama. Mishipa myeusi, kama ya mkono wa mzee. Speciosus. Lingine, hivyo hivyo. Lingine. Nikaanza kupumua.

Kisha nikatoa kubwa moja isiyo na mishipa, nene, rangi ya waridi. Bibi-uchi. Chini yake nyingine. Nikamwonyesha Holroyd, naye akafumba macho kidogo.

Lakini ile niliyoishika ilikuwa nzito kuliko zile nyingine. Nikaifungua kwa kucha. Matumbo yake yalikuwamo. Vijiti sita, vyote, na katikati nyuzi tatu nyembamba nyeupe. Nikaifungua ya pili. Sita. Ya tatu, nne, zote tulizozipata. Alizichuma, akazifungua, akazitupa jinsi zilivyo.

Nilimwita Norman kutoka mlangoni. Alikuja na mwavuli, mweupe kama unga aliojipaka, nikamwonyesha. Kwa nini hakutoa nyuzi za hizi?

"Hizo ni nyeupe," akasema. "Zafarani si nyeupe, Brenda. Nani ataweka uzi mweupe kwenye unga?"

Holroyd alichukua kile kisahani cha dirishani, akakipeleka kwenye mwanga na kioo changu cha kukuzia. Alikitazama muda mrefu. Kila uzi ni wa chungwa, akasema, na kila uzi umechanika mwishoni. Hakuna hata mmoja mweupe. Akakaa kitako kwenye ngazi ya mlango wangu, kwenye maji, kana kwamba mtu amemkata kamba.

Lakini zile tulizozipata ni zile tulizozipata. Nani angeapa kwamba hakuna moja iliyoponyoka? Si mimi, na Farzana akiwa kwenye kiti cha nyuma na mikono juu ya tumbo. Holroyd akatuendesha mjini, maua yote ndani ya bakuli langu la pudini, na kile kisahani nimekifunika kwa leso. Imtiaz alitukuta mlangoni mwa hospitali akiwa bado na sare ya basi. Hakunitazama.

Daktari, mwanamke mdogo mwenye sauti kavu, alisikiliza, akachungulia bakuli, akapiga simu kwa watu wa sumu, akawapelekea picha. Walikubaliana na Holroyd kuhusu maua. Hata hivyo akawalaza wote watatu hadi asubuhi, akawachukua damu, akamsikilizisha Farzana moyo wa mtoto. Niliusikia kupitia pazia. Ulikuwa unakwenda mbio kama farasi mdogo, na muuguzi akasema ndivyo unavyotakiwa.

Hakuna aliyeumwa. Hakuna aliyetapika wala kushikwa na tumbo. Asubuhi daktari akawaambia waende nyumbani. Holroyd alilalamika kuhusu chai ya wodini, na nikajua yu mzima.

Kitu kimoja nilimuuliza Norman kabla hajalala. Ile rangi. Nyuzi chache hizo zisingeweza kutia unga wote manjano namna ile. Akaona haya. Rangi haikutoka, akasema, kwa hiyo alikwenda kwa Farzana kuomba kijiko cha binzari.

Nilicheka hadi nikakaa sakafuni. Sikujua kama nacheka au nalia, naye akasimama juu yangu na pajama zake akiuliza kama aniletee maji.

Alhamisi, 4 Oktoba
Mvua. Nimelala mchana, jambo ambalo silifanyi.

Ijumaa, 5 Oktoba
Nilikwenda kwa Farzana na maua ya dukani. Imtiaz alifungua mlango nusu. Alisema mkewe amepumzika. Nikamwomba radhi. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

"Usiku ule nilimpigia mama yangu simu nikamwambia aombe dua," akasema. "Nilikuwa sijui niseme amwombee nani." Akachukua maua, akafunga mlango, si kwa nguvu.

Ana haki. Kwa nyuma nilimsikia Farzana akiuliza ni nani, naye akamjibu, "Bi Uttley." Sikudhani jina langu mwenyewe lingeweza kuniuma.

Jumamosi, 6 Oktoba
Siku ya maonyesho. Sikuwa na cha kupeleka ila chungu kimoja cha zile zenye madoa, kilichosahaulika bandani, zimekwisha kunyauka. Nilikwenda hivyo hivyo kwa sababu kukaa nyumbani kungekuwa kujificha. Habari zilikuwa zimefika kabla yangu, maana kijijini kwetu barua sasa hazihitajiki.

Holroyd alikuwa na mafua, pua nyekundu. Tulikunywa chai nyuma ya jukwaa. Nilimshukuru, na nikamwambia wazi kwamba mwaka mzima nimemchukia kwa ile kalamu. Akasema alijua. Akanisimulia kwamba alipokuwa mdogo baba yake alikuwa na ng'ombe kule juu karibu na nyika, na masika moja ndama watatu walikula majani ya bibi-uchi. Baba yake hakuwa na njia ila kukaa nao zizini hadi wakafa. "Siwezi kuona jina hilo limeandikwa vibaya nikanyamaza," akasema. "Lakini ningeweza kukuita pembeni. Hilo ningeweza."

Akapenga pua, akarudi kwenye meza zake.

Jumanne, 9 Oktoba
Norman hataki kuingia jikoni. Amekaa na televisheni, ila imezimwa.

Jumatano, 10 Oktoba
Asubuhi mtu amegonga. Farzana, amejifunga shali, nyuma yake Imtiaz na mfuko wa unga wa kilo nyingi mabegani. Farzana akapita kando yangu kama mtu aingiaye kwao, akaenda hadi sebuleni.

"Mjomba," akasema, "wiki nzima mume wangu ananipikia supu kama mgonjwa. Mimi si mgonjwa. Nina hamu ya skonzi." Akaweka mezani kikopo kidogo cha zafarani ya dukani, kimefungwa, na lebo yake. "Hii imetoka kwa mama mkwe. Amesema ukitaka kuua watu tumia mikono yako, usitumie maua."

Imtiaz alicheka kwanza, kichinichini, kisha Norman. Nilichelewa kucheka kwa sababu nilikuwa namtazama kaka yangu akiinuka kwenye kile kiti. Aliinuka kwa hatua mbili tatu za kujaribu, kama mtu anayetoka kitandani baada ya homa.

Walibaki jikoni hadi mchana. Farzana alikaa kwenye kiti changu, miguu juu ya ndoo iliyogeuzwa, akimfundisha Norman jinsi ya kuloweka nyuzi kwenye maziwa ya moto, na Norman akimfundisha jinsi ya kujua hamira imekufa au iko hai. Imtiaz aliniuliza kuhusu kile kitanda cha ukutani. Nikamwambia nitazing'oa bibi-uchi zote. Akafikiri, akasema zisife kwa kosa lisilo lao, ila ziwe mbali na mlango.

Alipokuwa anaondoka Farzana aliniinamia akanong'ona, "Nilikasirika, Shangazi. Sasa nimemaliza."

Niliitika. Nimegundua niliitika bila kufikiri.

Jumapili, 14 Oktoba
Nimehamisha bibi-uchi hadi kona ya mwisho, nyuma ya banda. Viazi vyake vya mizizini ni vikubwa kama ngumi ya mtoto, vya krokasi ni vidogo kama karanga na vina koti la nyuzi. Norman alishika taa maana kulikuwa na kiza cha mvua mchana kweupe. Ametengeneza kibao cha mbao kwa mkono wake. Kimeandikwa USILE kwa herufi za duka la mikate, zenye mapambo.

Jumamosi, 20 Oktoba
Skonzi ya kwanza Norman kula mwenyewe tangu siku ile, nzima, na jemu.

Alhamisi, 25 Oktoba
Baridi kali asubuhi, majani ya mikuyu yameanguka yote kwa mkupuo. Tukiwa tunafagia, Norman akaniambia Doreen alikuwa akioka vibaya. Miaka yote ya ndoa yao, mke wa mwoka mikate, skonzi zake ngumu kama kokoto, naye alizila zote na kusema asante. "Ningetoa duka zima," akasema, "nipate moja ya zile." Ni mara ya kwanza amelitaja jina lake hapa nyumbani kwa hiari yake. Niliweka ufagio chini. Tulisimama tu pale, tumeshikana kama watu wazee wanaovuka barabara.

Jumapili, 28 Oktoba
Saa zimerudishwa nyuma. Norman ameulizwa na watu wa ukumbini kama ataoka kwa ajili ya chai ya Jumamosi. Amesema atafikiri. Ameshaandika vipimo nyuma ya bahasha.

Jumamosi, 3 Novemba
Amekwenda ukumbini na masinia mawili, Imtiaz akimbebea. Nyumba ilikuwa kimya kama nilivyokuwa nikiomba tangu Agosti. Nilikunywa chai. Niliwasha redio. Niliizima. Nilikwenda ukumbini.

Jumapili, 11 Novemba
Theluji nyembamba juu ya nyika, huku chini manyunyu. Nilitoka kuchukua kuni, nikaona kitu cheupe kwenye njia ya mawe, katikati ya jiwe na jiwe, mahali ambapo sijapanda kitu maishani. Krokasi moja. Koo lake manjano, nje ina michirizi ya zambarau kama aliyechora ameinua kalamu haraka. Ina harufu ya asali. Nilihesabu vijiti. Vitatu. Zaidi ya hapo sikuweza. Kitabu hakikunisaidia, na Holroyd kwenye simu alitaja majina mawili kisha akayafuta yote mawili mwenyewe, akasema atakuja kesho na kioo chake.

Nilimwita Norman. Alitoka na aproni, tukachuchumaa pamoja kwenye manyunyu, magoti yakilia, mwavuli mmoja juu ya vichwa viwili.

"Hii ni ipi?" akauliza.

"Sijui."

Aliitazama kwa muda, mikono nyuma mgongoni.

"Basi," akasema, "hii hatuipiki."